Baba anataka udaktari, mama uhasibu, na fomu ya chuo inafungwa wiki 3 zijazo

SWALI: Shikamoo kaka. Mi ni binti wa miaka 19, nimemaliza sekondari na matokeo yametoka vizuri, nimefaulu zaidi hesabu, biolojia na kemia. Baba anataka nisome udaktari na ashawatangazia watu. Mama anasema uhasibu, eti muhasibu hakosi kazi. Mimi mwenyewe napenda hesabu na napenda kuchora, na nikikaa kwenye kompyuta nasahau hata kula, ila sijawahi kuandika programu hata moja. Afu kila nikiingia mtandaoni nasoma kwamba akili mnemba (AI) itamaliza kazi zote, kwahiyo sijui hata kama kuna maana ya kusoma. Nilifanya jaribio la haiba likasema mi ni mtu wa ndani nafaa utafiti. Zimebaki wiki 3 fomu ifungwe. Nisome nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Meseji yako nimeisoma mara mbili na kila nikirudi macho yanaganda palepale, kwenye "baba ashawatangazia watu". Hapo nitarudi baadae, manake naona presha yako inatokea hapo kuliko kwenye kozi zenyewe.

Kwanza ujue anayekujibu ni nani. Mi ni mshauri wa wanafunzi chuoni, mambo ya kozi na ajira, huu mwaka wa 17. Wanaojaa ofisini kwangu sio wanaochagua kama wewe, ni walioshachagua wakakwama, mtu yuko mwaka wa pili au wa tatu, kashafeli masomo mawili, darasani hataki kurudi na nyumbani pia hataki kurudi. Kwahiyo makosa ya kuchagua kozi mi nayaona yakiwa yameshaiva, na nikiwauliza ilikuwaje, karibu wote walizunguka wakiuliza "kozi ipi nzuri?" na kila mtu akawajibu, ila hakuna aliyewauliza "ukikosea hapa, kutoka kutakugharimu nini?". Hilo la pili ndo swali. Kukosea utakosea tu, una miaka 19, ila kuna kosa la muhula mmoja na kuna kosa la miaka 6.

Angalia hivi. Watu wanazigawa kozi kwa sayansi na sanaa, mi nazigawa kwa leseni. Kuna zile ambazo digrii ndo mlango wenyewe, bila hiyo sheria haikuruhusu kugusa kazi: udaktari, uuguzi (huu sehemu nyingi hata stashahada inakubalika), famasia, uwakili, usanifu majengo, uhandisi ukitaka kusaini michoro, na ualimu sehemu nyingi. Hizi zina bodi, zina usajili, na digrii yenyewe lazima iwe inatambuliwa na hiyo bodi, la sivyo umesoma ukamaliza na bado uko nje. Afu kuna zile ambazo digrii ni utambulisho tu: uchumi, takwimu, kompyuta, biashara, lugha, sosholojia, hesabu tupu. Huku hakuna anayekuzuia getini, wanaangalia unaweza nini, ndo maana utakuta mtu wa fizikia anatengeneza programu na mtu wa historia anaongoza kitengo cha rasilimali watu na hakuna anayeshangaa. Angela Merkel alisoma fizikia akachukua shahada ya uzamivu kwenye kemia ya kwanta, halafu akaja kuwa kansela wa Ujerumani miaka 16. Siasa haina bodi ya usajili.

Sasa ona zinavyopishana. Mtu wa takwimu akichoka anahamia benki, au kwenye utafiti, au kwenye programu, hamuombi mtu ruhusa, pengo analijazia kwa kozi fupi au digrii ya pili ya mwaka mmoja au miwili. Lakini huyohuyo akisema sasa nataka kutibu watu, arudi mwaka wa kwanza akae na watoto wa miaka 19 (nchi chache zina udaktari wa walio na digrii tayari, kama miaka 4 hivi, na kuingia ni vita). Na aliyeko udaktari akitoka mwaka wa 4, mara nyingi anatoka mikono mitupu, manake miaka ile 4 ni nusu ya kitu kimoja kikubwa.

Kwahiyo kwenye huo mlima wako wa maswali kuna uamuzi mmoja tu wa kuutolea jasho ndani ya hizi wiki 3: udaktari ndiyo, au udaktari hapana. Mengine yakienda kombo yanarekebishika, wengine wanarekebisha hata kwa barua moja ya kuhama idara.

Haya, udaktari. Ukianzia sekondari moja kwa moja, nchi nyingi ni miaka 5 au 6 ya darasani na wodini, afu mwaka mmoja au miwili ya kufanya kazi chini ya usimamizi, na ukitaka ubingwa ongeza mingine 3, 4, 6, inategemea fani. Marekani na Canada wengi wanaingia wakiwa na digrii ya kwanza tayari, ndo kabisa. Watu wanaogopa damu, kumbe damu ndo kitu rahisi kuzoea, nawajua waliozimia wiki ya kwanza ya kupasua maiti na leo ni wapasuaji. Vinavyowashinda watu ni vingine. Kukariri kwa wingi kabla hujaelewa unakariri kwa ajili gani. Zamu za usiku. Kumpa mama wa mtu habari mbaya afu dakika 10 baadae uko kwa mgonjwa mwingine na sura lazima iwe ya kawaida. Na makaratasi! Hakuna anayemwambia mtoto kwamba daktari anashinda anaandika.

Ndo maana nikikuuliza "unapenda udaktari?" jibu lako halinisaidii, na wewe halikusaidii. Ninachotaka kujua ni kama unaweza kuipenda jumanne ya daktari. Nasema jumanne manake ni siku ya hovyo hovyo tu, haina uchangamfu wa kuanza wiki wala ahueni ya kumaliza, na kazi yoyote duniani utakayofanya, maisha yako mengi yatakuwa ni jumanne. Kwahiyo wiki hii, kabla ya kitu kingine, mtafute daktari aliyemaliza miaka 2 au 3 iliyopita, sio profesa, profesa ashasahau na tena anakuvutia kwake. Mwambie akusimulie jumanne iliyopita saa kwa saa kuanzia alipoamka. Mtafute na nesi mmoja umuulize madaktari vijana analalamika nao nini. Na ukibahatika mtafute mtu aliyeacha udaktari, huyo atakupa vitu ambavyo waliobaki hawavisemi (mpunguzie chumvi kidogo, aliyeacha nae anajitetea). Hospitali nyingi ukiomba kwa heshima zinakuruhusu kukaa pembeni siku mbili tatu uone. Siku mbili za hivo zinashinda video 200.

Mi mwenyewe nilisoma uhandisi wa kemikali kwa sababu ya jina. Sikudanganyi, jina tu, lilikuwa linasikika vizuri ukiulizwa unasoma nini. Hakuna aliyeniambia, na mi sikuuliza, kwamba mhandisi kijana kiwandani anashinda anazunguka na daftari akisoma geji za presha na joto, jioni anaandika ripoti kwanini pampu namba 2 imezima tena. Kuna watu wanaipenda hiyo kazi kufa, rafiki yangu mmoja mpaka leo akiona pampu macho yanamng'aa. Mi nilikaa miezi 14. Siku pekee nilizokuwa naenda kazini natembea haraka ni zile walizokuja wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo nikaambiwa niwaelekeze, na sikuelewa kwamba hiyo ilikuwa ni taarifa. Bosi wangu alielewa kabla yangu, ndo maana wote alikuwa ananirushia mimi.

Turudi kwako. Mama hajakosea kusema wahasibu wanahitajika, kila penye pesa anahitajika mtu wa kusema imeenda wapi. Ila kuna kitu wazazi wanachanganya na walimu wengine pia: uhasibu sio hesabu. Hesabu zake ni za shule ya msingi, kujumlisha, kutoa, asilimia. Kazi yenyewe ni kanuni na uamuzi, hii ni gharama ya mwaka huu au tuigawe kwa miaka 5, haya mapato tumeshayapata au bado tunayadai. Inakaribiana na sheria kuliko aljebra. Mtu wa utaratibu, anayeumia akiona kitu hakijapangwa, anaipenda. Lakini wewe umesema hesabu na kuchora, sentensi moja, na watu wa aina hiyo nimewaona uhasibu unawachosha kufika mwaka wa pili. Kama unataka hesabu na pesa ziwe pamoja kuna aktuaria, wale wanaopiga hesabu za bima na pensheni, uwezekano wa watu kuugua au kufa unageuzwa kuwa bei. Hiyo ni hesabu kweli kweli, ila ujue mitihani yake ya kitaaluma inakula miaka kadhaa juu ya digrii. Uhasibu nao unayo, ACCA, cheti cha uhasibu cha kimataifa, peke yake ni mitihani 13, ingawa ukiwa na digrii inayotambulika unasamehewa baadhi.

Na hiyo ya "muhasibu hakosi kazi" ina kisa ambacho kinagusa hofu yako ya akili mnemba. Mwaka 1979 ilitoka programu inaitwa VisiCalc, jedwali la kwanza la kompyuta ndogo, babu yake hizi Excel. Kabla ya hapo mtu alikuwa anachora jedwali kwenye karatasi kubwa, namba moja ikibadilika anafuta na kupiga upya nusu ya ukurasa. Ilipokuja, Marekani makarani wa kujaza vitabu vya hesabu wakapungua sana miaka iliyofuata, ila wahasibu na wachambuzi wa fedha wakaongezeka. Kwanini? Kwa sababu kuuliza "je, bei ikipanda kidogo itakuwaje?" ilikuwa kazi ya siku nzima ikawa kazi ya sekunde, basi mabosi waliokuwa wanauliza mara moja kwa mwezi wakaanza kuuliza mara 20 kwa siku, na lazima awepo mtu wa kujua lipi la kuuliza na jibu lipi ni uongo. Mashine ilikula kipande cha kazi, kipande kingine ikakikuza.

Hata wanaozitengeneza hizi mashine wanakosea kutabiri. Geoffrey Hinton, huyo aliyekuja kupata Nobel ya fizikia 2024 kwa kazi yake kwenye akili mnemba, mwaka 2016 alisema hadharani tuache kabisa kufundisha madaktari wa radiolojia, wale wanaosoma picha za eksirei na nyingine za mwili, kwamba miaka 5, labda 10, mashine itawapita. Programu za kusoma picha za eksirei kweli zimekuja, nyingi tu, ila wataalamu wa radiolojia bado wapo na bado wanatafutwa, manake kusoma picha ni sehemu tu ya kazi yao. Kijana aliyeghairi 2016 kwa kusikia ile kauli alikosa kazi nzuri kwa utabiri wa mtu mwenye akili nyingi.

Ila sikuambii ulale usingizi. Kazi za kianzio, zile anazopewa mgeni wa ofisi, kuandika rasimu ya kwanza, kutafsiri barua, kuandika koding ndogo ndogo, kufupisha ripoti, hizo ndo mashine inazifanya kirahisi, na hizo ndo zilizokuwa zinamfundisha kijana kazi. Hilo linanisumbua hata mimi, jibu lake kamili sina. Ninachoona kwa wanafunzi wangu ni kwamba anayeumia ni yule anayeweza kutoa jibu lakini hawezi kusema kama jibu ni sahihi. Kwahiyo kwenye kozi tafuta masomo yanayokufundisha kukagua: hesabu, takwimu, fizikia, biolojia ya maabara, falsafa hata, wanaoicheka waache wacheke. Kozi inayokufundisha kubofya programu fulani, hiyo iogope, hiyo programu itabadilika kabla hujavaa joho.

Kuna na hili la kufuata soko. Saivi utaambiwa soma hiki kinalipa. Aliyekwambia anaona soko la leo, wewe unatoka miaka 4 mbele, na hujasikia peke yako, mmesikia wote mkajazana. Richard Freeman, mchumi, aliionyesha hii kwa wahandisi wa Marekani miaka ya 70, mishahara ikipanda wanafunzi wanafurika, wakitoka wengi mishahara inalala, wanafunzi wanakimbia, miaka michache baadae wahandisi hawapo tena na mishahara inapanda. Kompyuta ilifanya hivohivo. Kampuni za intaneti zilipoporomoka mwaka 2000 vijana Marekani wakaikimbia hiyo kozi kwa miaka kadhaa, na wachache waliong'ang'ania wakatoka soko likiwa linawasubiri kwa hamu. Sisemi ukimbilie kinachodharauliwa, nasema "inalipa" isiwe sababu yako ya kwanza, iwe ya tatu.

Hilo jaribio la haiba lifute tu. Bertram Forer, mwanasaikolojia, mwaka 1948 aliwapa wanafunzi wake jaribio, akawarudishia kila mmoja "maelezo yake binafsi", wakayapa wastani wa zaidi ya 4 kwenye 5 kwa usahihi, kumbe wote aliwapa karatasi moja ileile, sentensi nyingine kazitoa kwenye kitabu cha unajimu. "Mtu wa ndani unafaa utafiti" ni karatasi ya Forer. Kama unataka la maana kidogo chukua linalofuata mfumo wa John Holland, lile lenye makundi 6, manake lile linakuuliza shughuli gani unapenda kuzifanya, sio wewe ni nani, na hata hilo ulitumie kupata mawazo ya kwenda kuulizia, sio hukumu.

Tena usijifunge sana na "mimi ni mtu wa aina hii". Mwaka 2013 Jordi Quoidbach na wenzake walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 19,000, wa miaka 18 mpaka 68. Kila rika lilisema miaka 10 iliyopita nimebadilika sana, ila miaka 10 ijayo sitabadilika sana. Wa miaka 20 walisema hivo, wa 50 walisema hivo. Unayemchagulia kozi ni mtu wa miaka 30 ambae hujawahi kukutana nae, sasa muachie nafasi ya kugeuka.

Kilichonifurahisha kwenye meseji yako ni kitu ambacho naona hukukiona: hesabu, biolojia na kuchora, mtu mmoja. We umeviandika kama vile vinakuvuta huku na huku. Wanaopenda biolojia wengi wanaikimbia hesabu, ndo walichagua biolojia kwa ajili hiyo, na wanaopenda hesabu wengi hawataki kusikia ini na figo. Anayebeba vyote viwili anatafutwa: takwimu za afya, epidemiolojia (kufuatilia magonjwa yanavyoenea kwa watu), uchambuzi wa vinasaba, uhandisi wa vifaa tiba, picha za kitabibu. Na kuchora usidhani ni kwa wasanii tu. Florence Nightingale watu wanamjua kama nesi wa vita vya Crimea, kumbe alikuwa mtu wa takwimu hasa, alichora chati mwaka 1858 ya vifo vya askari, vipande vya duara vyenye rangi, kila mwezi na kipande chake, mtu asiyejua namba akiangalia tu anaona kwamba magonjwa ya uchafu yaliua kuliko risasi. Ile chati ilisukuma mageuzi ya usafi jeshini kuliko hotuba, na akawa mwanamke wa kwanza kuingia chama cha wanatakwimu cha Uingereza. Hesabu, afya, kuchora. Sikupambi, nakwambia huo mchanganyiko ulishafanya kazi miaka zaidi ya 160 iliyopita bila kompyuta.

Kuhusu kompyuta nina swali moja: unapokaa hapo ukasahau kula, unafanya nini? Ukiwa unaangalia video na kuchati, hiyo sio dalili, wote tunasahau kula. Ukiwa unachora, unatengeneza kitu, unahangaika na faili limegoma mpaka likubali, hiyo ni dalili. Njia ya kujua haina gharama. Chukua jioni 10, saa moja moja, jifunze Python, lugha ya kuandikia programu, kwa masomo ya bure, na lengo liwe kuchora chati moja ya kitu unachokipenda wewe. Sitaki kujua kama utaweza, utaweza, nataka ujiangalie jioni ya 4 programu ikikataa na hujui kwanini: unakasirika unafunga, au unakasirika unaendelea? Wa pili ndo anaweza kuishi na hiyo kazi, manake hiyo ndo jumanne yake.

Ukishapata kozi mbili tatu usisome jina wala picha za wanafunzi wanaocheka kwenye nyasi. Tafuta orodha ya masomo ya mwaka wa 3 na wa 4, mwaka wa kwanza kila mahali unafanana na hauonyeshi kitu. Ukiona majina ya masomo ya mwaka wa 3 ukatamani kujua hata mawili ni nini, vizuri. Afu tafuta matangazo ya kazi 20 ya hiyo fani, chukua kalamu, piga tiki kila kinachorudiwa, kufika la 12 utashangaa, kuna vitu viwili vitatu vinaombwa kila mahali na kozi nyingine hazivifundishi kabisa, hivyo utajifunza mwenyewe. Idarani kwenyewe waulize kuhama kozi baada ya mwaka wa kwanza inaruhusiwa na mwisho lini, mafunzo kwa vitendo wanakutafutia au unajitafutia, na kwa kozi ya leseni, bodi inawatambua leo, sio "tuko kwenye mchakato". Mchakato nimewaona watu wamehitimu nao.

Sasa baba.

Mzazi akishatangaza, kozi inakuwa heshima yake, na ukienda kumwambia "sitaki udaktari" hasikii udaktari, anasikia unamuaibisha. Kwahiyo usiende na hapana. Nenda baada ya hizo siku mbili za hospitali, ukiwa umeshaona, useme "baba, nimekaa na madaktari siku mbili, nimeona hiki na hiki". Tayari umeongea kama mtu mzima aliyefanya kazi yake, na wazazi wengi hapo wanalegea kidogo. Afu muulize, kwa adabu, kwenye udaktari yeye anaona nini. Nimekaa na wazazi wengi kwenye vikao hivi, majibu huwa ni yaleyale: usiteseke, uheshimike, na wakizeeka awepo wa kuwaelewa wakiugua. Hayo yote ni mapenzi na mengi yanapatikana kwa njia nyingine, na mtu wa epidemiolojia bado ni mtu wa afya, hata tangazo lake halijawa uongo. Akiwa yeye ndo analipa ada ana haki ya kusikilizwa mpaka mwisho, mpe hiyo haki. Atakayelala na kuamka na hiyo kozi ni wewe, hilo nalo aliseme mama au shangazi au mjomba anayemsikiliza, likitoka kwako litageuka ugomvi.

Na uwe mkweli na upande wa pili: inawezekana ukakaa hizo siku mbili ukatoka umeupenda. Imetokea. Usiukatae udaktari kwa sababu tu ni wa baba.

Mi ningekuwa wewe fomu ningeijaza hivi. Ukitoka hospitali moyo unasema nataka, weka udaktari wa kwanza na takwimu za afya au takwimu wa pili, bila aibu. Ukitoka na wasiwasi hata wa nusu, usiuweke kwanza, manake ule mlango ni mzito kutoka. Weka takwimu kwanza, chagua chuo kinachokuruhusu kuchukua masomo ya biolojia au kompyuta pembeni, pili kompyuta (kama zile jioni 10 zimekwenda vizuri), tatu uhandisi wa vifaa tiba. Usanifu majengo usiuweke kwa ajili ya kuchora tu, kachungulie kwanza studio zao usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi uone watu wanavyolala sakafuni. Uhasibu weka mwisho, kwa heshima ya mama, na ukibadilisha mawazo baadae mitihani yake ya kitaaluma inapokea watu wa digrii nyingine, kwahiyo huupotezi.

Takwimu naiweka juu kwa sababu ya kile nilichoanza nacho: ukikosea, kutoka ni rahisi. Kutoka hesabu kwenda karibu popote kuna njia, kutoka popote kwenda hesabu ukiwa na miaka 27 ni kupanda mlima.

Wiki ya kwanza daktari, nesi na siku zako mbili. Jioni zote 10 zianze leo. Wiki ya pili masomo ya mwaka wa 3 na matangazo 20, na mwisho wa hiyo wiki ndo ukae na baba. Fomu itume siku 4 kabla ya kufungwa, sio ile ya mwisho, siku ya mwisho mifumo inazidiwa kila mwaka na kila mwaka kuna mtu anakuja kulia ofisini kwangu. Na ukishaongea na yule nesi niandikie alikwambia nini, nataka kujua.